Namna ya kuikagua njia ya kiroho kabla hujaikabidhi moyo wako

Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu. Nimekagua vyama vya akiba na mikopo, shule, hospitali za misheni, misikiti yenye wakfu na makanisa yenye mashamba. Ndiyo maana vijana wa ukoo wetu, mmoja wao akipata mwalimu mpya wa mambo ya roho, huniletea mimi swali ambalo wangelipeleka kwa shehe au padri: "Shangazi, nitajuaje kama njia hii ni ya kweli?"

Huwajibu kwamba hilo siwezi kuwajulia. Mbinguni hakuna stakabadhi. Mtu akisema ameoteshwa, hakuna daftari la kulinganishia ndoto yake, na mkaguzi anayetia sahihi kwenye jambo asiloweza kulikagua anastahili kunyang'anywa leseni. Lakini kila njia ya kiroho hubebwa na watu, na watu hao wana funguo, wana akaunti ya benki, wana wake na waume, wana watumishi wa nyumbani, wana waliowahi kukosana nao. Hayo yanakagulika. Basi nitakuelekeza huko, na yaliyobaki nitakuachia wewe na Mola wako.

Nimekulia katika nyumba yenye msahafu kwenye rafu moja na Biblia kwenye rafu nyingine, baba huku, mama kule. Kwa hiyo nitachota pande zote mbili, na kwingine pia nitadokoa. Wewe wa upande mmoja tu, nivumilie.

Maswali matatu ya Umar

Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alifika mbele ya Khalifa Umar bin al-Khattab kumshuhudia mwenzake kuwa ni mtu mwema. Umar akamuuliza: Wewe ni jirani yake, unayejua kuingia kwake na kutoka kwake? Akasema hapana. Umewahi kusafiri naye? Hapana. Mmewahi kupeana dinari na dirhamu? Hapana. Basi Umar akamwambia, huenda ulimwona msikitini tu akiinamisha kichwa na kukiinua. Humjui.

Ningeambiwa nibaki na kipimo kimoja tu, ningebaki na hicho. Tazama mahali pekee ambapo Umar anapakataa: ni pale pale ambapo wengi wetu tunamaliza uchunguzi, pale kwenye ibada, vipaza sauti vikilia na kila mtu kavaa nguo zake nzuri. Hapo hakuna utakachokijua.

Nenda siku isiyo na ibada. Nenda mapema, au chelewa kuondoka. Zungumza na anayefagia, anayelinda geti, anayeendesha gari la mwalimu, binti anayepika kwake. Usiwahoji kipolisi; saidia kukunja viti, maneno yatakuja yenyewe. Nilisikia akisifiwa sana mwalimu mmoja wa tafakuri ambaye masomo yake yalikuwa ya huruma tupu, huruma kwa mdudu, huruma kwa jani. Mama aliyekuwa akimsafishia nyumba alipoulizwa habari zake, kwanza aligeuka kutazama mlango. Mshahara wake ulikuwa umelala kwa miezi. Sikuhitaji kusikia mhadhara mwingine.

Na usifanye haraka. Katika maandiko ya Kibudha kuna kisa cha mfalme Pasenadi wa Kosala, dola ya India ya kale, aliyewaona watu waliovaa kitawa wakipita, akawasujudia, kisha akamuuliza Buddha kama hao ni watakatifu. Buddha akamwambia tabia ya mtu hujulikana kwa kuishi naye, tena kwa muda mrefu, tena na mwenye kuangalia kwa makini. Ndipo mfalme akakiri: wale walikuwa wapelelezi wake mwenyewe, wakirudi nyumbani huoga, hunyoa ndevu na kuendelea na starehe zao. Kanzu ilikuwa ya kazi.

Kabla ya kuwakagua wao, jikague ulikujaje

Ni wachache wanaoanza safari ya kiroho wakiwa wameshiba na wamelala vizuri. Wengi wetu tunaingia tukiwa tumefiwa, tumeachwa, tumefukuzwa kazi, au mtoto anaumwa na madaktari wameanza kuongea kwa sauti ya chini. Si aibu. Misiba imewafikisha wengi kwa Mungu. Ila hali hiyo humfanya mtu atie sahihi bila kusoma.

Ignatius wa Loyola, mtakatifu wa Kikatoliki wa karne ya 16, aliandika kanuni za kupambanua roho, na moja inasema wakati wa ukiwa wa nafsi usibadilishe maamuzi uliyoyafanya ulipokuwa na utulivu. Kwa watoto wa kaka zangu huiweka hivi: ukiwa msibani hudhuria, sali nao, lia nao. Lakini usitoe mali, usile kiapo, usihame nyumba, usifunge ndoa, usiuze kiwanja. Hayo yangoje mpaka utakapoweza kucheka tena mzaha wa kipuuzi.

Njia inayokufaa itakubali kungoja. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6 kwa ajili ya watawa, inaagiza mgeni anayetaka kujiunga asiingizwe kirahisi. Aachwe abishe hodi siku nne au tano kwanza. Akikubaliwa kujaribu, anasomewa kanuni yote baada ya miezi miwili, anasomewa tena baada ya miezi sita, kisha tena baada ya minne, na kila mara anakumbushwa kwamba hii ndiyo sheria. Ukiiweza ingia, usipoiweza nenda zako kwa uhuru. Mwaka mzima wa kumwambia mtu kuwa mlango uko wazi kwa nyuma! Sasa linganisha na yule anayekuambia neema hii inaisha saa sita usiku, au kozi imebakiwa na nafasi mbili. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Fedha

Hapa nitakaa, ndiyo fani yangu.

Kuomba sadaka si kosa. Paa huvuja, maji hulipiwa, na anayefundisha kutwa lazima ale. Anayedai kwamba njia ya kweli haigusi fedha kamwe, ama hajawahi kulipia umeme wa jengo, ama kuna mtu anayelipa ambaye hujatajiwa jina lake. Mimi sitafuti kundi lisilo na fedha. Natafuta kundi ambalo fedha zake zinatazamwa na macho zaidi ya mawili.

Uliza haya, kwa heshima, kwa mtu mwenye dhamana: Nani huhesabu sadaka, na je, huhesabu peke yake? Akaunti ina watia sahihi wangapi, na wana undugu gani? Hati ya kiwanja imeandikwa jina la nani? Mwalimu hulipwa kiasi gani, na nani alikipanga? Taarifa ya mapato na matumizi husomwa mbele ya wanachama, na mara ya mwisho ilisomwa lini? Nikichangia kisima, nitajuaje kwamba fedha hiyo ilichimba kisima?

Si lazima uwe mhasibu ili uelewe majibu. Majibu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni uso wa anayejibu. Anayesimamia mambo yake vizuri hufurahi kuulizwa, maana kazi ya kutunza vitabu haina mashabiki, na wewe umekuwa shabiki wa kwanza. Kundi moja liliniita niwapangie vitabu vyao. Mtunza hazina alikuwa shemeji wa kiongozi, mtia sahihi alikuwa mmoja, gari na kiwanja vilikuwa kwa jina la kiongozi "ili kurahisisha". Nilipoomba vocha za malipo nikaambiwa, "Mama, hapa tunakwenda kwa imani." Nikasema imani hata mimi ninayo, ila vocha ni vocha. Sikuitwa tena.

Nawajua pia akina mama wa sala ambao hesabu zao zote zimo katika daftari la shule. Kila mchango unahesabiwa na wawili, wote wawili wanatia sahihi, na palipokosewa pamekatwa kwa mstari mmoja ili kilichoandikwa mwanzo kiendelee kusomeka. Daftari lile nililipenda kuliko taarifa nyingi zenye jalada la kung'aa. Mtu anayeacha kosa lake lisomeke, huyo nitamsikiliza akinieleza habari za Mungu.

Wazee wetu wa dini walilijua jambo hili zamani. Katika Sura ya Ya-Sin, aya ya 21, yule mtu aliyekuja mbio kutoka mwisho wa mji anawaambia watu wake wawafuate wale wasiowadai ujira. Nao Wakristo wa mwanzo walikuwa na kijitabu kiitwacho Didake, mwongozo wa maisha ya jumuiya, chenye maelekezo juu ya manabii wanaosafiri. Mgeni apokewe siku moja, ikibidi na ya pili. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha kituo kinachofuata. Akiomba fedha ni nabii wa uongo. Akiagiza meza iandaliwe "kwa roho" kisha akala mwenyewe, ndiyo hivyo tena. Na akitaka kuhamia hapo kabisa, kama ana ufundi, afanye kazi ale. Ukisoma hayo unadhani yaliandikwa na mtu wa kwetu, aliyezoea kusema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Kipimo cha mkononi ni hiki: toa kidogo kwa muda, kisha acha kutoa, bila kueleza. Usipunguze kuhudhuria, usipunguze salamu. Tazama nani anaendelea kukuulizia hali na nani amesahau jina lako. Na popote ambapo baraka imepangiwa kiwango, au siri ya juu zaidi ina ada ya juu zaidi, au unaambiwa balaa litakupata usipotoa, chukua mkoba wako. Akikuambia ukope ili utoe, mazungumzo yameisha.

Uliza swali dogo

Watu wa Kalama, wa mji wa Kesaputta, walimlalamikia Buddha kwamba kila mwalimu anayepita anasifu mafundisho yake na kuyatukana ya wenzake, wamwamini nani? Akawajibu wasishike jambo kwa sababu tu limesikika, au limerithiwa, au limo katika maandiko, au linaonekana na mantiki, au kwa kuwa "huyu ni mwalimu wetu". Siku hizi maneno hayo hunukuliwa kana kwamba maana yake ni kufuata moyo unavyopenda. Sivyo. Aliwaambia watazame matendo yanaleta nini, madhara au manufaa, na akaongeza jambo ambalo watu hulisahau: yatazamwe pia kama yanalaumiwa au yanasifiwa na wenye busara. Kwa hiyo usijitegemee peke yako. Chukua mtu wa nje, mwenye akili timamu, asiye na hisa, umweleze kila kitu ulichoona. Ukijikuta unaruka sehemu fulani ya maelezo, rudi hapo hapo.

Kuna hotuba nyingine ambayo Buddha anawaalika wanafunzi wamchunguze yeye mwenyewe, kwa wanachokiona na wanachokisikia, kabla ya kumwamini. Mwalimu wako akiona kuchunguzwa ni matusi, anajiona amempita huyo.

Namna ya kuuliza: chagua swali dogo la kweli, lisilo la mtego. Kwa nini tunafunga siku hii na si ile? Nani alianzisha kikundi, na waliokuwa naye mwanzoni wako wapi? Liulize kwa mgeni mwenzako, kwa mwanachama wa kati, kisha kwa mkubwa. Majibu kutofautiana kidogo ni kawaida, watu si kanda ya kunasia sauti. Majibu kufanana neno kwa neno ndiyo yanayonitia wasiwasi, sawa na stakabadhi ishirini zilizoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja.

"Utaelewa ukikua kiroho" ni jibu lenye sura mbili. Ni kweli yapo mambo ambayo hayaelezeki mpaka uyafanye. Hata mizania haieleweki siku ya kwanza. Mwalimu mzuri akisema hivyo hukupa zoezi: jaribu hili kwa kipindi fulani, urudi uniambie umeona nini, hata kama hukuona kitu. Mwingine anasema hivyo ili unyamaze, na siku ya pili wenzako wanakutazama kama mgonjwa. Mgonjwa wa kiburi, mgonjwa wa shaka, mgonjwa wa jini fulani.

Swali la mwisho ni kwa kiongozi mwenyewe, ukipata nafasi: "Nani aliye hai anaweza kukuambia umekosea, nawe ukamsikia?" Ataje mtu, baraza, au mwalimu wake. Akitaja Mungu peke yake, ujue ndani ya nyumba hiyo hakuna ngazi ya rufaa.

Na ukiambiwa jambo halafu ukaambiwa usimwambie mumeo, mama yako au daktari wako, Ignatius alishakujibu. Kanuni yake ya 13 inamlinganisha mwovu na mpenzi laghai ambaye hofu yake kubwa ni binti kumsimulia baba yake alichoambiwa.

Vitu ambavyo si ushahidi

Matendo ya huruma si ushahidi wa kutosha. Peoples Temple, kundi la dini la Jim Jones huko Marekani, ilitunza wazee na kulisha wenye njaa, ilikusanya watu weusi na weupe wakati wengine hawakukaa benchi moja, na Jones mwenyewe alipewa nafasi katika tume ya nyumba ya jiji la San Francisco mwaka 1976. Tarehe 18 Novemba 1978 zaidi ya watu 900 walikufa katika makazi yao ya Jonestown, nchini Guyana, watoto wengi wakiwemo.

Elimu si kinga. Waliomwaga gesi ya sumu ya sarini katika treni za chini ya ardhi za Tokyo tarehe 20 Machi 1995, kwa amri ya kundi la dini la Aum Shinrikyo, walikuwamo wanasayansi, na mmoja alikuwa daktari wa moyo. Cheti cha usajili nacho hakikuambii kitu: Aum ilisajiliwa kuwa shirika la dini mwaka 1989, na mwaka huo huo watu wake walimuua wakili Tsutsumi Sakamoto, aliyekuwa akizisaidia familia za wanachama, pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga.

Ukongwe na ukubwa pia si ushahidi. Mwaka 2002 gazeti la Boston Globe lilifichua jinsi jimbo kuu Katoliki la Boston lilivyowahamisha mapadri waliotuhumiwa kuwanajisi watoto kutoka parokia moja hadi nyingine, na kabla mwaka haujaisha Kardinali Bernard Law alijiuzulu. Sisemi hivi kuwasema Wakatoliki. Mama yangu alikufa akiwa na rozari mkononi. Nasema kwa sababu uovu unaweza kuingia popote penye watu, kwa hiyo kinachotofautisha nyumba na nyumba ni kile kinachofanyika siku malalamiko yanapoletwa. Anapelekewa nani? Anayelalamikiwa ndiye anayesikiliza kesi yake mwenyewe? Polisi huitwa, au watu huombwa "suala libaki ndani ya familia"?

Halafu ile amani. "Shangazi, nilipoingia pale nilihisi amani ambayo sijawahi kuihisi." Nakuamini kabisa. Kuimba na umati, kufunga, kukesha, kupumua kwa mpangilio, kukumbatiwa na wageni wanaokuita kwa jina: hayo hutikisa mwili wa binadamu yeyote, katika nyumba njema na katika nyumba mbaya. Ulichohisi kilikuwepo. Hakikuambii kimetumwa na nani.

Utabiri na miujiza

Hapa kazi ni nyepesi. Nunua daftari, andika tarehe, andika kilichotabiriwa kwa maneno yake yenyewe, subiri. Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema nabii akinena na jambo lisitimie, hakutumwa, "usimwogope". Lakini usiishie hapo, soma na sura ya 13: hata ishara ikitimia, kama inakupeleka pabaya, usimsikilize. Utabiri uliokosea unatosha kumkataa mtu. Uliotimia hautoshi kumkubali.

Tazama hasa siku baada ya siku ile. William Miller, mhubiri wa Marekani, alihubiri kurudi kwa Kristo, na wafuasi wake wakasubiri tarehe 22 Oktoba 1844 bila kuona kitu. Miller alikiri hadharani kwamba alikosea hesabu. Harold Camping, mhubiri wa redio wa huko huko, alitangaza kuwa siku ya hukumu ni Mei 21, 2011, akasogeza hadi Oktoba 21, na mwaka uliofuata akaandika kukiri kosa. Walipotosha watu, ndiyo, na wako waliotumia akiba zao zote, lakini angalau kosa liliandikwa kosa. Huko Kanungu, Uganda, kundi lililotangaza kwamba dunia itaisha mwisho wa 1999 liliona tarehe ikipita, wanachama waliokuwa wameuza mali wakaanza kuuliza, na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya jengo lao. Tarehe ikipita na anayelaumiwa ni imani yako ndogo, usisubiri tarehe ya pili.

Mwili

Ukiambiwa uache dawa ulizoandikiwa, ondoka siku hiyo hiyo. Ukiambiwa mtoto asipelekwe hospitali, ondoka na mtoto. Ukiambiwa mwili wako ni sehemu ya kumtumikia mwalimu kitandani, ondoka, na pita kituo cha polisi. Kufunga kuna mwisho unaojulikana, na mgonjwa, mjamzito na mtoto husamehewa. Katika msitu wa Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na wengi wao walikuwa wamekufa kwa njaa wakiamini watakutana na Yesu. Sina la kuongeza.

Mlango wa kutokea

Kila mtu hukagua mlango wa kuingilia. Mimi huzunguka nyuma.

Tafuta waliotoka. Si mmoja, maana mmoja anaweza kuwa na ugomvi wake. Tafuta kadhaa, wa nyakati tofauti. Waulize walivyoondoka, nani aliwapigia simu baadaye, wanasalimiwa sokoni au wanapishwa njia, walirudishiwa vitu vyao. Kisha waulize waliobaki: "Fulani alikwenda wapi?" Sikiliza lugha. "Alihamia mji mwingine, tunamwombea, harusi ya bintiye tulikwenda" ni lugha ya watu walio huru. "Alimezwa na shetani, usimtaje" inakuonyesha utakavyotajwa wewe.

Jonestown pasipoti na barua za watu zilikuwa mikononi mwa viongozi. Siku ile ya mauaji ilianza na jambo dogo: watu kadhaa walimwomba mbunge wa Marekani Leo Ryan, aliyekuja kuwatembelea, aondoke nao. Ryan alipigwa risasi uwanjani wakijiandaa kupanda ndege. Kwa Benedikto, yule mtawa akishakubaliwa, nguo zake za zamani hazichomwi wala hazigawiwi. Zinawekwa katika chumba cha mavazi, ili siku akitaka kuondoka apewe avae. Nguo hizo zilizokunjwa kabatini zinaniambia mengi juu ya nyumba hiyo kuliko hotuba yoyote. Na Qur'ani imeliweka kwa maneno machache, Sura ya pili, aya ya 256: hapana kulazimisha katika dini.

Kwa hiyo, kabla hujatoa ahadi ya maisha, jitolee mwenyewe likizo. Waambie wazi: nitakaa nje kwa muda, nisali kwangu, nifikiri. Pasipoti, vyeti vya shule, hati za nyumba na kadi ya benki vibaki mikononi mwako wakati wote. Hakuna ibada inayohitaji cheti chako cha kuzaliwa. Siri ulizoungama pia ni mali: uliza zinahifadhiwa na nani. Padri Mkatoliki akivunja siri ya maungamo hutengwa na Kanisa lake papo hapo. Kwenu nani huadhibiwa siri ikivuja? Ikiwa maungamo yanaandikwa au kurekodiwa, usiungame.

Tofautisha ugumu na madhara, tafadhali. Njia nzuri inaweza kukuamsha usiku wa manane, ikakunyima vitu unavyovipenda, ikakuambia ukweli unaouma. Pima kwa watu waliomo miaka mingi: wake zao hucheka mbele yao? Watoto wao wakubwa hurudi nyumbani likizo? Wanaweza kuzungumza nusu saa juu ya jambo lisilohusu kundi?

Na ikiwa anayehusika si wewe, ni mdogo wako au mwanao ambaye tayari yumo, usimtukanie mwalimu wake. Atalazimika kumtetea, na kila akitetea anazama. Muulize maswali yale madogo, subiri jibu bila kumkatiza. Mwalike kwenye mambo ya kawaida, harusi, mechi, kuchuma maembe. Namba yako ya simu isibadilike. Ukipigiwa usiku wa manane, swali la kwanza liwe yuko wapi na kama ana nauli.